Siku Baba Alipokalia Kiti cha Baraza

Baba yangu alikalia kiti cha mwenyekiti mara moja tu, na hiyo mara moja ilitosha kutumaliza. Watu wakitaka kuniudhi, na wapo wanaopenda kuniudhi hata sasa nilivyo kikongwe, husema mzee aliuza kilima chetu. Hakuuza. Angekuwa ameuza tungeona japo mbuzi mmoja. Nilikuwepo siku hiyo, nilikaa benchi la nyuma na kigoda chake kikiwa miguuni pangu, kwa hiyo nitasema nilivyoona, na asiyetaka kusikia aende akapalilie viazi vyake.

Sisi ni watu wa mpakani, pale Meru na Embu zinapokutana chini ya mlima. Nyumbani tulisema Kimeru chenye Kiembu ndani yake, na Kiswahili tulikiokota sokoni na kwa maaskari. Kilima chetu kilikuwa cha mwisho kabla ya msitu. Ukimaliza shamba la baba yangu ulikutana na miti ya serikali. Tulilima wimbi na njahi, nduma kule chini mtoni, na migomba ilizunguka nyumba. Juu ya migomba palikuwa na kaburi la mama yangu. Alikuwa amebatizwa, na watu wa kanisa walitaka azikwe kwa jeneza na msalaba. Baba alikubali shingo upande, kisha akawa yeye ndiye anayelipalilia kila Jumapili, bila kusema lolote na bila kutaka kusaidiwa.

Mimi nilikuwa kitinda mimba wake, sijaolewa. Nilipewa jina la mama yake, basi aliniita mama, na kama ungemsikia akiniita ungejua kama amefurahi au amekasirika kabla hajasema neno la pili.

Sasa hilo baraza. Lilikuwa baraza la wilaya, likikutana mjini katika jumba la mawe lenye paa la mabati. Wajumbe walikuwa wazee wetu, baadhi wamechaguliwa na baadhi wameteuliwa, ila mwenyekiti alikuwa Bwana DC mwenyewe, mzungu mrefu aliyesema Kiswahili cha kuamrisha. Mbele yake palikuwa na meza, juu ya meza nyundo ndogo ya mti. Yeye ndiye aliyesema nani asimame, nani akae, jambo gani lizungumzwe na lipi lingoje. Ukitaka kumjibu mjumbe aliyekaa mbele yako ana kwa ana, hukuruhusiwa kumwangalia. Sharti umwambie mwenyekiti, halafu huyo mwenzako naye amjibu mwenyekiti. Wazee waliona ni mchezo wa watoto, watu wawili wanaosikiana kupitishiana maneno kwa mtu wa tatu asiyejua hata lugha yao. Lakini walifuata. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, na mtu hakupoteza jino lake kwa sababu ya jambo dogo.

Baba alikuwa makamu wa mwenyekiti. Msicheke. Kazi ya makamu ilikuwa kukaa mkono wa kulia wa DC na kunyamaza. Nilikuwa nikimtania akirudi. Nilimuuliza leo makamu amefanya nini, naye alijibu kwamba amekaa. Nilimuuliza kama amekaa vizuri, akajibu amekaa vizuri sana, hata mgongo unamuuma. Jioni moja nilimkuta jikoni ameshika mwiko wangu wa ugali anagonga nao kigoda, taratibu, akiitegea sauti yake sikio. Aliponiona aliurudisha mwiko chunguni na kuniambia uji wangu unaungua. Haukuwa unaungua. Alikuwa anatamani ile nyundo, na mimi sioni ubaya wake. Mzee aliyeamua kesi za watu tangu ujana wake angekosaje kuitamani?

Hapa lazima nieleze desturi yetu, la sivyo mtamhukumu kama walivyomhukumu wengine. Katika mabaraza ya wazee wa kwetu hakuna kupiga kura wala kuinua mikono. Mwenye jambo husimama na vijiti vyake, kila hoja na kijiti chake, anakiweka chini akimaliza hiyo hoja. Akishamaliza zote, anawauliza wenzake. Wakilikubali jambo, wataitika wote kwa pamoja, "Ii!", mpaka watoto walioko mtoni wasikie. Wasipolikubali, hawabishi. Hakuna mzee mwenye adabu atakayemwambia mwenzake hapana mbele ya watu. Wananyamaza tu. Mwenye jambo akisikia kimya, anangoja kidogo, anaokota vijiti vyake na kukaa. Tunasema jambo limelala. Halijauawa, limelala, na hakuna atakayeliamsha mpaka mwenyewe alilete kwa njia nyingine. Wafanyabiashara Waislamu wa mjini husema kimya kina mshindo mkuu. Kwetu kimya kilikuwa hapana, basi, kila mtu alijua, hata mwendawazimu wa sokoni.

Na je, hawakuona kwamba kwa DC mambo hayaendi hivyo? Nimeulizwa swali hilo na wajukuu waliosoma, tena kwa dharau kidogo. Waliona. Mambo mengi yalikuwa yamelala mbele ya yule mzungu, wazee wote kimya, na bado yakatendeka. Tuliongezewa siku za kuchimba handaki pembeni mwa msitu, sisi wanawake na majembe yetu, na handaki lenyewe likichomekwa vijiti vya mianzi vilivyochongwa. Jambo hilo lilipoletwa barazani hakuna mdomo uliofunguka. Tukachimba. Lakini wazee walisema ni ubabe tu. Walisema mzungu amesikia kimya chetu vizuri sana ila amekipuuza, kwa kuwa ana bunduki. Haikumwingia mtu yeyote akilini kwamba yule bwana alikisikia kimya kama ndiyo. Nani angefikiri kitu kama hicho? Ni kama kumkuta mtu amefunga mlango ukasema amekukaribisha.

Basi tukasikia kwamba serikali inataka kutuhamisha. Walisema wapiganaji wa msituni wanapata chakula kutoka mashamba yaliyopakana na miti, kwa hiyo kilima chetu na vingine viwili vibaki vitupu, nyumba zichomwe, watu wapelekwe kijiji kimoja bondeni, chenye handaki na mlango mmoja. Tulishakiona kijiji cha namna hiyo, watu wamebanana matopeni na mahomugadi, askari wa kienyeji wa serikali, wamekaa mlangoni wakikagua vikapu vya akina mama. Jambo hilo lingeletwa kwenye baraza lijalo ili wajumbe walipitishe. Kwa nini walitaka wazee wakubali kitu ambacho wangeweza kukifanya bila kumuuliza mtu, mimi sikuelewa wakati huo. Sasa naelewa. Walitaka iwe ni sisi tuliokubali.

Baba hakulala vizuri siku hizo. Alikuwa akienda kaburini hata siku ambazo si Jumapili. Aliniambia, "Mama, mimi nikihama hapa nitahama na nani? Huyu siwezi kumbeba." Hakuwa mtu wa kusema maneno kama hayo, na yalinichoma.

Alikuwa na rafiki, mtu wa rika lake, walitahiriwa siku moja, naye pia mjumbe wa baraza na shamba lake likipakana na letu. Huyo rafiki ndiye aliyeleta shauri. Siku ya mkutano tulifika mjini mapema kwa lori la baraza, mimi nikiwa na kibali cha kumsindikiza baba kwa sababu goti lake lilikuwa bovu na mtu alihitajika kumshika. Wajumbe waliingia kwenye hoteli ya Mwislamu mmoja karibu na jumba, wakanywa chai. Yule rafiki wa baba akasema kwa Kimeru, sauti ya chini, kwamba mtu asibishe. Mjumbe mmoja alikuwa amebisha miezi iliyopita kuhusu mambo ya kodi, akasimama kabisa na kusema hapana kama mzungu, na kesho yake alichukuliwa, na mkewe alikuwa bado hajui yuko kambi gani. Kwa hiyo tunyamaze, alisema, tunyamaze wote, asiwepo hata wa kukohoa. Jambo lilale. Wakifanya ubabe, watakuwa wamefanya wao, mikono yetu ni safi.

Wote waliitika. Sio kwa kelele, waliitika kwa vichwa. Baba alikunywa chai yake mpaka chini, nikaona amepata nafuu usoni.

Mkutano ulianza kama siku zote. Yalikuja mambo ya josho la ng'ombe, ya daraja lililochukuliwa na maji, ya mwalimu fulani wa shule ya Kaaga aliyetaka mabati. DC aligonga nyundo yake, wajumbe walisema na mwenyekiti aliyejua nusu ya waliyosema. Mimi nilisinzia. Kisha askari aliingia na viatu vyake vikubwa, akamnong'oneza DC, na DC akasimama. Kulikuwa na jambo upande wa Kibirichia, na simu inamngoja ofisini. Aliwaza kidogo, akaangalia karatasi yake, akamgeukia baba yangu na kumsukumia nyundo. Alisema, "Mzee, endelea wewe. Jambo linalofuata ni la kuhamisha watu. Karani atasoma. Nitarudi."

Nilisimama bila kujua nimesimama. Askari wa mlangoni alinitazama, nikakaa.

Baba alikisogelea kile kiti. Hakukikalia mara moja, alikigusa kwanza mgongo wake, halafu akakaa, na goti lake halikumsumbua. Niliwaona wajumbe wakitazamana. Sasa mnaona ilivyokuwa? Kiti cha ubabe kilikuwa wazi, na aliyekikalia alikuwa mmoja wetu, mtu anayejua kimya ni nini. Ilikuwa kama Mungu amekunja mkono wa shati akaingia kazini.

Karani, kijana wa kutoka mbali asiye wa kabila letu, alisoma kwa Kiswahili: baraza linakubali kwamba watu wa vilima vitatu vinavyopakana na msitu wahamishwe. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Halafu aliuliza kama DC alivyouliza siku zote, maneno yaleyale, maana hayo ndiyo maneno ya kile kiti naye alikuwa ameyasikia mpaka akayashika kwa moyo.

"Kuna mtu wa kupinga?"

Hakuna aliyejibu. Sijapata kusikia kimya kama kile. Nje palikuwa na mwanamke anauza ndizi, nilimsikia akihesabu. Yule rafiki wa baba alikuwa ameinamisha macho na kushika fimbo yake kwa mikono miwili. Baba hakuharakisha. Aliwapa muda, kama mzee anavyopaswa, wa kutosha mtu yeyote mwenye "ii" tumboni mwake kuitoa. Hakuna aliyeitoa. Ndipo baba aliinua ile nyundo na kugonga, mara moja, kwa sauti nzuri ya katikati, kama alivyojifunza kwa mwiko wangu, na akamwambia karani asome linalofuata.

Karani aliandika. Sikumlaumu siku hiyo na simlaumu leo; aliandika kile kanuni ilichomwambia.

DC aliporudi baba alimpisha kiti. DC aliuliza mambo yamekwenda vipi, na kama kuna aliyepinga. Baba alisimama wima kabisa, na nakumbuka alivyolitamka jibu lake, kwa fahari, kwa sababu alidhani anamweleza mzungu kwamba safari hii ameshindwa.

"Hakuna, Bwana. Hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo."

Yule mzungu alifurahi. Alimpa baba mkono mbele ya watu wote, akautikisa sana, akamwita mzee mwema. Na baba, ole wake baba yangu, akafikiri huyu kumbe ni mtu muungwana, ameshindwa na bado anatoa mkono.

Tulirudi kwenye lori wazee wakiimba. Nakwambia wakiimba, na miguu yao mibovu. Yule rafiki alimpiga baba begani na kumwambia angekuwa yeye ndiye DC siku zote nchi ingepona. Pale kilimani watu walikuja nyumbani wengine na maziwa, wengine na ndizi, nikapika mukimo mpaka sufuria ikakosa nafasi. Akina mama waliniambia nina bahati ya baba. Nilisema ndiyo, ninayo. Baba hakula sana. Alikaa akisikiliza watu wakisimulia alivyogonga ile nyundo, wakigonga wao kwenye magoti yao, na alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake tangu mama afe. Baada ya siku chache tulipanda wimbi. Tungelipanda kweli kama tusingeamini?

Lilikuwa limechipuka walipokuja. Walikuja na malori na filimbi, mahomugadi wengi, baadhi yao watoto wa majirani. Tuliambiwa tutoe tunachoweza kubeba. Watu walianza kulia na kusema kwamba kuna makosa, baraza lilikataa, waulizeni wazee. DC alikuwapo. Alipanda juu ya boneti ya Landrova ili aonekane, na homugadi mmoja akatafsiri. Alisema serikali haimwonei mtu. Alisema jambo hili limepita katika baraza lenu wenyewe, bila mtu mmoja kupinga, na hata mwenyekiti siku hiyo hakuwa mzungu, alikuwa mzee wenu huyu hapa. Akamwonyesha baba kwa kidole, tena kwa heshima, kama anayemsifu.

Watu wote walimgeukia.

Baba aliangalia wajumbe wenzake waliokuwapo, aliwaangalia mmoja mmoja, na mwisho alimwangalia yule rafiki wa rika lake, aliyeleta shauri kule hotelini. Kitu kimoja tu ndicho kilihitajika. Huyo mtu aseme, tulikubaliana wote tunyamaze, shauri lilikuwa langu. Hakusema. Alikuwa anafunga kamba kwenye godoro. Wallahi kama anavyosema Mwislamu wa chai, mimi nimesamehe watu wengi, hata waliochoma, walikuwa wametumwa. Ile kamba sijaisamehe.

Nyumba zetu ziliungua mbele yetu, za majani huungua haraka. Migomba ilikatwa ili mtu asijifiche ndani yake. Msalaba wa mama waliuacha, ila moto uliufikia wenyewe. Baba alibeba kigoda chake na blanketi moja akateremka bila kugeuka nyuma, na mimi nilimfuata nikimtukana kimoyomoyo, nimkumbatie nisimkumbatie sijui. Nilimkasirikia. Nilifikiri, ulikuwa na nyundo mkononi, Baba, kwa nini hukusema wewe mwenyewe, hapana? Lakini mwenyekiti hasemi. Hata kwetu, anayesimamia baraza hana upande. Angesema hapana akiwa kwenye kile kiti, wazee wangemwona hana adabu.

Kule kijijini mvua ilitukuta vibanda havijaezekwa. Mama yake yule rafiki, bikizee aliyebebwa mgongoni kutoka kilimani, alifariki kabla mvua haijaisha, na watoto kadhaa walimfuata. Kila aliyekufa alihesabiwa kwa baba. Hakuna aliyemtukana. Afadhali wangemtukana. Walimnyamazia. Akisalimia kwenye foleni ya maji, watu waliangalia madebe yao. Akikaa kwenye moto wa wazee, mmoja alikumbuka kazi, kisha mwingine, mpaka akabaki na moto. Na siku DC alipokuja kukagua kijiji alimletea baba zawadi mbele ya watu, koti refu la kijeshi lenye vifungo vya shaba, kwa uaminifu wake. Baba hakuweza kulikataa. Nililitandika kwenye banda la kuku, na kuku walilifanyia walichotaka.

Jambo la kanuni tulikuja kuelezwa na karani. Baba alikwenda mjini kwa kibali, akamuuliza aliandika nini na kwa nini. Karani alimweleza kwa upole kwamba kwa sheria ya mikutano, mwenyekiti akiuliza kama kuna wa kupinga na watu wakanyamaza, wamekubali. Baba alimwomba arudie. Akarudia. Aliporudi aliniambia hivyohivyo, hakuongeza, na akaacha kuwa mjumbe wa baraza. Aliwaeleza pia wazee wa kijijini, au alijaribu. Walimsikiliza mpaka mwisho, halafu wakanyamaza.

Miaka ya mwisho ya Hali ya Hatari ndipo walipoanza kupima ardhi na kugawa hati. Tuliambiwa sehemu ya kilima chetu itarudishwa kwa wenyewe, ile isiyopandwa misonobari, na kamati ya wazee itasikiliza madai ya kila mtu. Nilifurahi mimi kuliko alivyofurahi baba. Kiwanja chetu kilikuwa upande uliobaki, na kaburi likiwa humo. Baba alikuwa amekonda, kikohozi kimemwingia, na aliniambia anataka kitu kimoja tu: kujenga pale hata kibanda cha kulala mtu mmoja, na akifa alazwe juu ya ile migomba iliyokatwa. Alichonga vijiti vipya. Nilimkuta akivichonga mlangoni, akivipanga kwa urefu.

Kamati ilikaa uwanjani pa soko. Watu wote wa kilima walikuwapo, waliobaki. Mwenyekiti wa kamati alikuwa kijana wa kwetu aliyesoma, mwenye kalamu mfukoni, na yule rafiki wa baba alikaa karibu naye miongoni mwa wazee. Baba alisimama zamu yake ilipofika. Alisema shamba lake lilianzia wapi na kuishia wapi, akaweka kijiti. Alisema nani walipakana naye, akaweka kijiti. Alisema kuna mkewe pale, na hicho kijiti kilimchukua muda kukiweka chini. Hakusema lolote juu ya ile nyundo, wala juu ya shauri la hotelini. Mwenyekiti aliwageukia watu na kuuliza.

"Kuna mtu wa kupinga?"

Nilizunguka kwa macho yangu nikiwaangalia mmoja mmoja, nikiwaomba. Nilimwangalia yule mzee wa rika lake. Aliinamisha macho, akashika fimbo yake kwa mikono miwili. Hakuna aliyepinga, na hakuna aliyeitika. Mwenyekiti aliangalia saa yake, akasema hakuna anayepinga, imepita, mzee apewe shamba lake, na akamwambia mpimaji aandike.

Nilimkimbilia baba. Nilimshika mkono nikamwambia imepita, amesikia, imepita, tumepata. Alikuwa ameshainama na lile goti lake, anaokota vijiti.

"Mama," aliniambia, "umesikia mtu akiitika?"

Nilimwambia kwamba sheria ni ya mwenyekiti, kwamba kimya sasa ni ndiyo, kwamba kilitupokonya shamba na sasa kimelirudisha, achukue. Nilimpigia kelele mbele za watu, sikujali. Alikiweka kijiti cha mwisho mkononi mwake pamoja na vingine, akavikung'uta vumbi.

"Limelala," alisema, akachukua kigoda chake tukaondoka.

Mpimaji alimngoja pale kilimani siku aliyopangiwa, na baba hakwenda, nami kwa kuwa nilikuwa mwanamke sikuruhusiwa kusimama mahali pake. Kiwanja kiligawiwa wengine. Baba alikufa msimu uliofuata na tukamzika bondeni, karibu na lile handaki, mimi na mhubiri na watu wachache waliokuja kwa sababu ya mhubiri. Siku hizi juu kule kuna chai. Nimepita mara moja nikatafuta mahali pa mama kati ya mistari ya chai, na mwenye shamba, mjukuu wa yule rafiki wa baba, akaniuliza kwa adabu nimepoteza nini.